Maswali na Majibu: Manowari Ndogo Iliyozama Samar

Swali: Manowari ya kusindikiza kama USS Samuel B. Roberts, ya Marekani katika Vita Kuu ya Pili, iliundwa kwa kazi gani?

Jibu: Iliundwa kuzilinda meli nyingine dhidi ya nyambizi na ndege. Ilianza utumishi Aprili 1944, ikiwa na urefu wa mita 93 tu, mizinga miwili ya inchi 5 na torpedo tatu (makombora yanayokwenda chini ya maji).

Swali: Mbona basi ilizikabili manowari kubwa za Japani?

Jibu: Kwa sababu asubuhi ya tarehe 25 Oktoba 1944, karibu na kisiwa cha Samar nchini Ufilipino, kikosi cha Admirali Kurita, chenye manowari nne kubwa za deraya ikiwemo Yamato, kilizikuta meli sita ndogo za kubebea ndege zikilindwa na manowari saba nyepesi tu. Nahodha Robert Copeland aliwaambia mabaharia wake bila kuwaficha kwamba wasitarajie kunusurika, kisha akapenya katika moshi hadi kilomita zipatazo nne kutoka kwa adui na kufyatua torpedo zote tatu. Meli iliyoundwa kwenda kasi ya noti 24 (maili za baharini kwa saa) ilifikia 28.

Swali: Paul Carr alifanya nini hata akakumbukwa hivyo?

Jibu: Baharia huyu kijana wa Oklahoma aliongoza mzinga wa tetri, yaani nyuma ya meli, uliofyatua makombora zaidi ya 300. Hewa ya kusafishia mtutu ilipokatika, yeye na wenzake waliendelea kupakia wakijua kwamba baruti ingeweza kulipukia ndani ya chuma kilichokwisha kuwa moto, na hatimaye ikalipuka. Baharia aliyeingia humo alimkuta Carr, mwili umepasuka vibaya, amelikumbatia kombora la mwisho lenye uzito wa kilo 25 hivi, akiomba asaidiwe kulipakia. Akampokonya, akamtoa kwanza majeruhi mwingine. Aliporudi, Carr alikuwa amelinyanyua tena. Alifariki muda mfupi baadaye, na mimi kila nikifika hapo huiweka kalamu chini kwanza.

Swali: Mabaharia waliosalia na meli yenyewe ilikuwaje?

Jibu: Makombora ya inchi 14 ya manowari Kongo yalipasua ubavu wa kushoto, ikazama mnamo saa nne asubuhi. Mabaharia wapatao 90 walikufa. Wengine 120 walikaa baharini kwa takriban saa 50, wameshikilia maboya huku papa wakiwazunguka, ndipo wakaokolewa. Juni 2022 mvumbuzi wa bahari Victor Vescovo aliikuta meli kwenye kina cha takriban mita 6,900, imekatika vipande viwili, ikatambulika kwa mtambo wake wa torpedo wenye mirija mitatu.