Jibu: Westgate walikuwa wanne kweli?

Mkuu, umeuliza kama magaidi waliovamia Westgate, lile jengo la maduka Nairobi, walikuwa 4 tu, au wengine walichomoka kupitia handaki. Kamera za usalama zinaonyesha 4, na idadi hiyo ndiyo iliyobaki kwenye maelezo rasmi. Ila siwalaumu wanaotilia shaka, maana serikali yenyewe ndiyo iliyowapa sababu ya kutilia shaka. Shambulio lilianza Septemba 21, 2013, tukaambiwa washambuliaji ni 10 hadi 15, mara kuna mwanamke Mwingereza, mara ule moshi mzito ni magodoro yanachomwa. Sehemu ya jengo ikaporomoka, na ushahidi ukafukiwa humo humo. Askari walipotuhumiwa kupora maduka ya humo, jeshi nalo likasema walichukua maji tu. Video ikawaonyesha wakitoka supamaketi ya Nakumatt iliyokuwa humo na mifuko ya plastiki, mpaka wawili wakafungwa. Watu 67 walikufa, na tume ya uchunguzi aliyoahidi Rais Kenyatta haikuundwa.

Habari ya handaki haijaniingia akilini hata kidogo. Linalonikereketa mimi ni jingine: vijana 4 waliingia Jumamosi mchana, sasa operesheni ilifikaje Jumanne jioni?