Chuchu bandia kwa mtoto wa siku 10

SWALI: Shikamoo Bi Mkunga. Mwanangu ana siku 10. Ananyonya, anatulia kidogo, kisha kilio. Mama mkwe ameniletea chuchu bandia ya kumtuliza. Nimpe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Iweke kabatini kwanza. Kwa kuwa unanyonyesha, subiri afike wiki 3 au 4, awe analishika titi vizuri na uzito unapanda. Kilio cha sasa mara nyingi ni njaa tu, mrudishe titini.

Wakati ukifika, ikague. Iwe kipande kimoja kisichobanduka, na kile kisahani kinachobaki nje ya midomo kiwe kipana kuliko mdomo wake, chenye matundu ya hewa. Ichemshe dakika 5, iache ipoe, kisha ikamue: maji ya moto hujificha ndani ya chuchu, na wengi hawalijui hilo. Mguse nayo mdomo wa chini. Akiitema, usimlazimishe. Kila siku ivute kwa nguvu. Ikianza kunata au kupasuka, tupa.

Asali usiichovye kabisa, ni hatari kabla hajatimiza mwaka. Kamba shingoni, marufuku. Akisinzia ikadondoka, usimrudishie. Mama mkwe mshukuru, ya kabatini si lazima ayajue.