Maswali yenu: Katatonia, kutoka kunguruma hadi kunong'ona

Maswali ya safari hii karibu yote yamehusu bendi moja ya metali (roki nzito), Katatonia ya Stockholm, Sweden. Nimeyafupisha, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Kaka, rafiki yangu alinitumia albamu zao mbili, ya 1993 na ya 2023. Ya kwanza mtu ananguruma kama anazikwa angali hai. Ya pili anaimba taratibu, huzuni tupu. Kweli hii ni bendi moja? (Msomaji, Arusha)

Ni bendi moja, na sauti zote mbili ni za mtu mmoja, Jonas Renkse. Yeye na mpiga gitaa Anders Nyström waliianzisha mwaka 1991 wakiwa bado vijana wadogo. Katika Dance of December Souls, hiyo ya 1993, Renkse alikuwa anapiga ngoma na kuimba pia. Sky Void of Stars ya 2023 imetoka miaka 30 baadaye, kwa hiyo mshangao wako una haki yake.

Lakini fanya hivi: sikiliza ya zamani bila kumjali mwimbaji, fuata gitaa tu. Utakuta mwendo wa polepole, na mstari mmoja wa melodia wenye majonzi unaorudiwa hadi unakukaa kichwani. Mstari huo hawajauacha mpaka leo. Kilichobadilika ni vitu vilivyouzunguka.

Nimesoma mahali kwamba Renkse aliacha kunguruma kwa sababu koo lilimshinda. Ni kweli, au ni hadithi za mashabiki? (Msomaji, Nairobi)

Kweli, ila ni nusu ya habari, na nusu ya pili ndiyo tamu zaidi.

Mwaka 1994, kabla ya mambo ya koo kuwa gumzo, walirekodi wimbo unaoitwa Scarlet Heavens. Una zaidi ya dakika 10 na hauna mngurumo. Renkse anaimba kwa sauti ya chini, nzito, na muziki wenyewe uko karibu zaidi na roki ya giza ya Uingereza ya miaka ya 1980, ile ya kina The Cure, kuliko na metali. Ulikaa kabatini muda mrefu kabla ya kutolewa. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba upole waliulazimishwa na koo. Walikuwa nao mfukoni tangu zamani.

Halafu koo likagoma kweli. Walipoingia studio ya Dan Swanö, mwanamuziki na mtayarishaji wa huko Sweden, kurekodi Brave Murder Day, iliyotoka 1996, Renkse hakuweza tena kunguruma, akabaki kwenye ngoma. Kazi ya kunguruma akapewa rafiki yao Mikael Åkerfeldt wa Opeth, bendi nyingine ya metali ya Sweden. Albamu ina nyimbo sita, na jina lake limeundwa kwa majina ya tatu za kwanza. Wa tatu, Day, ndio wa kuusikiliza kwa makini: Åkerfeldt kanyamaza, Renkse anaimba mwenyewe, taratibu, juu ya gitaa linaloelea. Vijana hawa walikuwa wanawasikiliza Slowdive, bendi ya Uingereza iliyozamisha sauti za waimbaji ndani ya ukungu wa magitaa, na katika wimbo huu jambo hilo halijifichi.

Miaka miwili baadaye ikaja Discouraged Ones, na humo hakuna mngurumo hata mmoja. Niseme ukweli, Renkse hakuwa mwimbaji mzuri wakati ule. Sauti yake ilikuwa nyembamba, yenye aibu, mahali pengine imefunikwa kabisa na magitaa. Åkerfeldt alirudi studio, safari hii kumsaidia kuimba. Mimi naipenda albamu hii kwa sababu ya udhaifu huo. Mwimbaji asiyejiamini hawezi kushindana na magitaa kwa dakika 10, kwa hiyo nyimbo ikabidi zifupishwe, zipewe beti na kiitikio, na magitaa yamwachie nafasi ya kupumua. Ukiniuliza muziki wa Katatonia wa sasa ulizaliwa lini, nitakujibu 1998, kwenye sauti ile iliyokuwa inatetemeka.

Mwaka uliofuata, kwenye Tonight's Decision, aliacha vijiti vya ngoma ili aimbe tu. Ngoma akazipiga Swanö. Humo waliimba upya pia wimbo wa Jeff Buckley, mwimbaji wa Marekani. Mashabiki waliovaa mikanda ya risasi waliupokeaje, unaweza kukisia.

Si waliuza roho ili wapigwe redioni? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana, ndugu yangu. Anayetafuta redio hatungi nyimbo za kukata tamaa albamu baada ya albamu. Tena hamu ya muziki mkali hawakuwa wameipoteza. Kipindi hichohicho Renkse na Nyström waliunda Bloodbath pamoja na Åkerfeldt na Swanö, na huko walipiga metali ya kifo (death metal), ile ya kunguruma, ya mtindo wa zamani bila msamaha. Waliweka kila kitu kwenye chungu chake.

Huzuni hii yote inatokana na baridi ya kwao? (Msomaji, Mombasa)

Desemba, Stockholm hupata mwanga wa jua kwa saa kama sita tu kwa siku, kwa hiyo wazo lako si la kutupwa. Lakini ABBA nao ni wa Sweden hiyohiyo, baridi ni ileile, na wao walitufundisha kucheza dansi.

Mimi natazama mashairi. Mwanzoni yalikuwa ya makaburi, Mungu na mauti, mambo ya kawaida kwa vijana wa metali wa wakati ule. Kufikia Viva Emptiness ya 2003, Renkse anaandika kuhusu jiji: barabara za usiku, uhalifu, mtu anayekimbia jambo asilolitaja. Hakuna haja ya theluji kuyaelewa hayo. Aliyewahi kukaa macho saa nane za usiku katika jiji lolote anayajua.

Nianzie wapi? Sina muda wa albamu zote. (Wasomaji kadhaa)

The Great Cold Distance ya 2006. Uzito upo, upole upo, na Renkse amekomaa. Ikikukaa, rudi kwenye Last Fair Deal Gone Down ya 2001, kisha Discouraged Ones.

Dead End Kings ya 2012 wengi huisifu. Mimi naona imepigwa msasa kupita kiasi. Ajabu ni kwamba mwaka uliofuata wenyewe walizirekodi upya nyimbo hizohizo bila ngoma wala makelele ya gitaa, kwa michango ya mashabiki, wakaiita Dethroned & Uncrowned. Hiyo ndiyo ninayoisikiliza mimi.

Opeth nao waliacha kunguruma halafu wakarudia. Katatonia je? Na sasa Nyström kaondoka, bendi si imekwisha? (Msomaji, Kampala)

Ni kweli, Opeth waliacha mwaka 2011 na Heritage, mngurumo ukarudi kwenye albamu yao ya 2024. Kwa Katatonia sioni dalili hiyo, na kuondoka kwa Nyström, kulikotangazwa Machi 2025, kunaisogeza mbali zaidi. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa upande wa zamani. Kwa upande mwingine, nyimbo za albamu za karibuni zilikuwa tayari zinatungwa zaidi na Renkse, kwa hiyo kimuziki pengo ni dogo kuliko linavyoonekana kwenye picha.

Miezi mitatu tu baadaye, Juni, walitoa Nightmares as Extensions of the Waking State. Humo kuna wimbo wa Kiswidi, Efter Solen, ambao kwa sehemu kubwa umejengwa kwa sauti za elektroniki, gitaa likiwa mgeni. Bendi iliyokwisha haijaribu vitu vya namna hiyo. Ila jina la Katatonia bila Nyström, hilo sijalizoea.