Betri mpya, taa ya chaji haizimi

Swali: Nimefunga betri mpya, lakini taa ya chaji haizimi, na nikielekea Lindi usiku taa za mbele zinafifia. Fundi anataka ninunue alteneta nzima, ile inayochaji betri. Nikubali? – Msomaji, Mikindani

Jibu: Usikubali kabla ya kupima betri kwa mita ya volti. Gari likiwa limezimwa, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Washa injini: mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kushuka, alteneta haichaji. Anza na mkanda, kama umelegea au unateleza, kisha vichwa vya nyaya. Chumvi ya pwani huvila, vikaota unga wa kijani.

Vikiwa vizima, chomoa nyaya za betri, hasi kwanza, ndipo ushushe alteneta. Mara nyingi kilichokufa ni kaboni tu, vile vipande vinavyosugua pete za shaba ndani yake: zikibaki chini ya milimita 5, hazigusi pete vizuri. Kaboni ni nafuu. Pete zikichimbika, au waya wa ndani ukiungua (harufu yake utaijua), hapo nunua nyingine.

Na fundi asikuchomolee betri injini ikiunguruma eti anapima, huunguza daiodi, vipande vya ndani ya alteneta vinavyonyoosha umeme wake.