Mkamwana wako asifute kesi

BARUA: Shangazi habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 63, nipo Igoma hapa Mwanza. Mwanangu anauza dagaa Mwaloni Kirumba, kaoa mwaka wa sita huu, wana watoto wawili, tunaishi uwanja mmoja. Mkewe kaingia kwenye vikoba anarudi saa moja usiku, mwanangu akamkanya kidogo, yeye akakimbilia polisi kuchukua PF3, ile fomu ya kutibiwa. Kijana kalala mahabusu siku mbili ndo nikamdhamini. Mkono wenyewe kaufunga hogo la plasta mpaka leo anamuonesha kila mtu. Mjukuu mkubwa nae keshalishwa maneno, akisikia pikipiki ya baba yake anakimbilia chini ya kitanda changu. Sisi tulipigwa tukavumilia, mimi sikio la kushoto halisikii vizuri toka 1989 na sikumpeleka mume wangu popote. Kikao cha ukoo kimekaa, kakataa kufuta kesi. Wajomba wanasema kijana aende Ukerewe mpaka mambo yapoe. Nimwambie nini huyu mwanamke anielewe? — Mama wa Igoma

JIBU: Shikamoo mama. Pole na mahangaiko ya polisi, uchungu wa mwana aujuae mzazi. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako imenifanya nimuonee huruma mtu ambae hajaniandikia.

Umesema mwanao kamkanya mkewe kidogo, halafu hapo hapo unaniambia mwanamke ana hogo mkononi. Maneno hayavunji mfupa mama yangu. Hogo hufungwi kwa kuomba, wanapiga picha kwanza wanaona mfupa umeachana ndo wanafunga, kwahiyo mimi kwenye hili sina cha kuuliza nani mkorofi. Na hivyo vikoba unavyovilalamikia sitashangaa ndo vinavyoleta unga mwezi ukiwa mkubwa, maana wewe mama wa muuza dagaa unajua vizuri, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, mwaloni panapoa, na watoto wanataka kula vilevile. Umesema anarudi saa moja. Saa moja mama! Saa moja Igoma watu ndo kwanza wanateremka kwenye daladala.

Sasa tuje kwa mjukuu, maana hapa ndo niliposimama sana. Unasema kalishwa maneno. Mtoto mdogo akilishwa maneno atayasema, atakuja kukwambia baba mbaya, baba hivi baba vile. Huyu hasemi kitu, huyu anasikia injini ya pikipiki iko bado barabarani na mwili wake unakimbia wenyewe mpaka chini ya kitanda. Hakuna mama anaeweza kumfundisha mtoto hilo, analifundisha aliyemtisha. Halafu angalia kakimbilia kitanda cha nani. Kuna kitanda cha mama yake hakukitaka, kwa sababu keshaona kule hakuna usalama, kaja kwako bibi yake akiamini wewe utamzuia baba. Na wewe umekaa juu ya hicho kitanda unaniandikia mimi namna ya kumnyamazisha mama yake.

Na hilo sikio lako. Umelitaja kama cheti cha uvumilivu, mimi nimelisoma nikaumia. Mwanamke kapigwa kofi mpaka sikio likafa, miaka yote hiyo anageuza kichwa akisemeshwa, na hakuna hata mmoja aliyemwambia pole, wote wamemwambia hongera kwa kutunza ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. 1989 hiyo sheria ilikuwa na miaka 18 tayari, ila mtu wa kukwambia hakuwepo. Mkamwana wako kaambiwa. Ndo tofauti yenu, sio ukaidi. Nenda Bugando wakalicheki hilo sikio, na sio dhambi kumsimulia mtu wa ustawi wa jamii yaliyokupata japo mzee keshatulia au keshatangulia.

Tena nisiwasingizie wanaume peke yao, sisi wanawake ndo tunaowalindia fimbo. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 uliuliza kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa walau sababu moja, kuunguza chakula, kutoka bila kuaga, vitu kama hivyo. Wanawake waliosema ndio walikuwa asilimia 58, wanaume 40. Tumewapita wenyewe! Nenda kicheni pati yoyote hapa mjini uone, bibi harusi anakalishwa kwenye mkeka masaa matatu anafundwa kunyamaza, kuvumilia, siri za chumbani zisitoke, khanga zinatunzwa vigelegele vinapigwa, na bwana harusi siku hiyo hiyo yuko baa na wenzie, hakuna mjomba aliyemkalisha akamwambia mkono wako ukome kwenye kazi. Halafu mfupa ukivunjika tunaita kikao cha ukoo, na ajenda ni mwanamke afute kesi. Mkuki kwa nguruwe, mama. Angekuwa binti yako kaolewa Sengerema akarudi na hogo, ungemwambia afute?

Kwahiyo usimwambie chochote cha kufuta. Kesi ya kujeruhi ni ya Jamhuri, yeye ni shahidi, na mkiendelea kumzunguka na vikao, au mkianza kumtishia kumnyang'anya watoto, mnajitafutia kosa jingine. Mpe nafasi apone. Akitaka kuondoka aondoke na wanae, kadi zao za kliniki na cheti chake cha ndoa, usivifiche. Yule mtoto apelekwe ustawi wa jamii, au piga 116, ni bure, ni namba ya watoto. Mwanao nae aende akae na washauri ajifunze kuishi na mtu bila kumpiga, hapa hapa Mwanza kuna shirika la Kivulini toka 1999 kazi yao ni hii.

Na wengine mnaosoma huku mmefunga khanga shingoni kuficha alama, dawati la jinsia na watoto lipo polisi, ukiwa umeumia sana anza hospitali, PF3 itafuata. Anakupiga sasa hivi, piga 112 au mpigie kelele jirani. Wanaume mnaopigwa na mnaona aibu dawati ni lenu pia, na jirani unaesikia vilio kila Jumamosi unaongeza sauti ya redio, mwenyekiti wa mtaa unamjua anapokaa.

La mwisho ni hao wajomba na Ukerewe yao. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Karatasi ya dhamana umesaini wewe, sio wajomba. Kijana akivuka maji siku ya kesi asionekane, atakaetafutwa pale Igoma ni wewe na hilo sikio lako moja. Mwambie abaki, na tarehe ikifika mwamshe mapema umsindikize mahakamani mwenyewe.