Kusaini "ukandarasi" hakukuondolei ajira

Swali: Nasambaza mikate kwa pikipiki yangu mwenyewe kwa kampuni moja hapa Tanga, mwaka wa pili sasa, na sibebi mzigo wa mtu mwingine. Saa kumi na moja alfajiri niwe getini, nikichelewa nakatwa. Juzi tajiri kaniambia nisirudi tena, na kwamba sina cha kudai kwa sababu nilisaini ukandarasi. Ni kweli? – Msomaji, Ngamiani

Jibu: Si kweli, ndugu yangu, na inaniuma kuona vijana wa pikipiki wanavyorudi nyumbani mikono mitupu kwa karatasi hiyo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinaangalia unavyofanya kazi: nani anakuelekeza, nani anakupangia saa, unamtegemea nani kwa riziki, unamhudumia mmoja tu au wengi. Kikiwepo kigezo kimoja tu, unachukuliwa kuwa mwajiriwa, na tajiri ndiye wa kuthibitisha vinginevyo. Wewe unavyo kadhaa. Pikipiki kuwa yako hakufuti hivyo vingine.

Wanaonikera zaidi ni vishoka wa steshenari wanaochapa mikataba hiyo. Kuna kijana aliniletea mkataba wa "mkandarasi huru" ambao jina la mwenzake lilifutwa kwa wino mweupe, lake likaandikwa juu kwa kalamu. Ukiinua karatasi kwenye mwanga, jina la kwanza unalisoma. Ibara ya tatu inamtaka avae fulana ya kampuni na asibebe mzigo wa mtu mwingine. Huyo ni mkandarasi wa namna gani? Na kishoka alimwambia kwamba mwenye TIN, yaani namba ya mlipakodi, ni mfanyabiashara. TIN unadaiwa hata ukiomba leseni ya udereva!

Dai la kuachishwa isivyo halali linafikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Usizimalize ukisubiri tajiri apoe, au kishoka akuandikie "barua kali". Nenda na meseji za kupangiwa njia na miamala ya malipo kwenye simu.

Nanyi mlio bado kazini: ukianguka na mzigo, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili ya mfanyakazi, na mchango wake ni wa mwajiri peke yake, hakukati wewe. Anayekuita mkandarasi anaukwepa huo. Nimeona kijana aliyevunjika mguu akichangiwa kijiweni, kofia inapitishwa, wakati fidia ilikuwa haki yake. Ukiletewa karatasi kama hiyo getini, usisaini hapo hapo. Ipige picha, umwoneshe kwanza wakili au afisa kazi.