Saa iliyosimama na A yangu ya Nadharia ya Maarifa

Juzi matokeo yangu ya Diploma ya IB, ile programu ya kimataifa ya sekondari, yalitoka. Mbele ya Nadharia ya Maarifa, somo linalouliza tunajuaje tunachokijua, palikuwa na A, na niliitazama mara nyingi kuliko alama za hesabu na biolojia. Siku hiyohiyo nikakuta ujumbe wa binti mmoja msomaji: "Dada, nimejiandikisha kusoma mtandaoni. Hili somo la maarifa halina mtihani, kwa nini nihangaike nalo?"

Mdogo wangu, nami nilianza na maneno hayohayo.

Ni kweli, hutaingia chumba cha mtihani. Kuna insha isiyozidi maneno 1,600 inayobeba theluthi mbili za alama, na maonyesho ya vitu vitatu, unavyovitumia kujibu swali kuhusu maarifa, yanayobeba theluthi iliyobaki. Ukipata E, daraja la chini kabisa, diploma huipati hata ukifaulu masomo mengine yote. Nililijua hilo tangu wiki ya kwanza, nikalipuuza.

Kozi yetu ya mtandaoni ilikuwa na majaribio mafupi ya kuchagua jibu baada ya kila video, nami nilikuwa napata 10 kwa 10. Nilipokwama nilifungua dirisha la pili nikatafuta, au nilifuta majibu yaliyoonekana ya kipuuzi nikabaki na moja. Kwenye vipindi vya moja kwa moja nilizima kamera. Kwenye majadiliano niliandika "nakubaliana na mwenzangu" na kuongeza sentensi mbili. Nikajiona nimefika.

Kisha ikaja rasimu ya insha. Mwalimu anaruhusiwa kutoa maoni ya maandishi kwenye rasimu moja tu, kwa hiyo niliipamba: Plato aya hii, Descartes aya ile, Hume mwishoni. Ilirudi na mstari mmoja: "Wanafalsafa nimewaona. Wewe unajuaje?" Mwalimu huyo sikuwahi kukutana naye ana kwa ana, na maneno ya kwenye skrini hayana sauti ya kuyalainisha. Nililia. Siku mbili sikuigusa kompyuta. Mpaka leo naamini angeweza kuniambia kwa upole zaidi.

Kilichoniamsha ni mfano wa mwanafalsafa Bertrand Russell niliokuwa nimeupita mbio. Mtu anatazama saa iliyosimama bila kujua kwamba imesimama, na kwa bahati anaitazama dakika ileile inayoonyeshwa na mishale. Anachoamini ni kweli, na sababu ya kuamini anayo. Je, anajua? Mwaka 1963 mwanafalsafa Edmund Gettier, kwa makala ya kurasa tatu tu, aliutikisa kwa mifano ya namna hii ule msimamo wa zamani kwamba maarifa ni imani ya kweli yenye sababu. Jaribio la sehemu hiyo nilikuwa nimepata 10 kwa 10, na sikuona kwamba mtu wa saa ile ni mimi. Majibu yangu yote yalikuwa sahihi, na hakuna hata moja nililolijua.

Nikarudi kwenye insha. Nilikuwa nimetumia habari ya Barry Marshall, daktari aliyeshikilia pamoja na Robin Warren kwamba vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria. Wengi hawakumwamini, na mwaka 1984 akawanywa bakteria hao mwenyewe. Mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Rasimu ya kwanza ilisimulia tu. Safari hii nilijiuliza: mtu mmoja kunywa bakteria kunathibitisha nini? Alipata uvimbe wa ukuta wa tumbo, hakupata kidonda. Kwa hiyo tendo lile lililowashangaza watu halikutosha. Ilibidi wagonjwa watibiwe kwa antibiotiki, wapone, na vidonda visirudi. Aya hiyo moja ilinichukua wiki mbili, na ndiyo ninayojivunia kuliko kitu chochote nilichoandika shuleni.

Maonyesho sitayasimulia sana. Picha ya tufe lolote la kwenye intaneti ilikataliwa, kwa sababu kitu lazima kiwe mahususi, chenye mahali pake duniani. Nikatumia chati ya ukutani kwangu yenye sayari tisa, iliyochapishwa kabla Pluto haijaondolewa kwenye orodha ya sayari mwaka 2006.

Sasa nisikilize. Funga dirisha la pili. Washa kamera. Ukiandika jambo, jiulize umejuaje, na ukishajibu, jiulize tena umejuaje. Kwenye majadiliano andika "sikubaliani, kwa sababu", hata mkono ukitetemeka. Tumezoea kupata jibu kabla swali halijatuuma, na mtu aliyezoea hivyo atadanganywa na yeyote mwenye ulimi mzuri. Hakuna atakayekusimamia ukiwa peke yako mbele ya skrini, kwa hiyo jisimamie mwenyewe.

Rasimu yako usinitumie bado. Nitumie sentensi moja ya jambo unaloliamini, na chini yake uniandikie umelijuaje, bila kutafuta popote. Nitakujibu, na nitakujibu kwa upole.